Nilimchapishia Mume Wangu Kilima, Nusura Binti Yangu Akose Mchumba

Nimekosa mimi. Sina wa kumsingizia, na shetani simtaji, maana siku ile nadhani hata yeye alikaa pembeni akanishangaa.

Nilimhamisha marehemu! Babu wa mume wangu, mzee wa watu aliyejilalia nyuma ya migomba yetu, nilimtoa kwao nikampa kilima ambacho hakuwahi kukikanyaga. Kisha kilima chenyewe nikakitia fremu, nikakitundika sebuleni, nikakaa kwenye kochi nikikitazama na soda mkononi.

Cheka tu. Hata mimi sasa nacheka. Ila siku yenyewe sikucheka, na kuna mtu mmoja ndani ya nyumba hii aliyenyamaza kwa namna ambayo bado inaniuma.

Majina nimeyabadilisha, ingawa najua watu wa hapa kwetu Nyaishozi, Karagwe, wakisoma mistari mitatu tu watasema, "Huyu si yule mama wa vitenge?" Ndiyo, ni mimi. Salamuni.

Nauza vitenge pale senta. Mume wangu ni mkulima wa ndizi na kahawa. Tumwite Baba Jovitha, kwa jina la binti yetu mkubwa. Ni mpole, maneno yake machache, na ugonjwa wake hapa duniani ni senene, wale panzi wa msimu. Msimu wa senene ukifika mwanaume huyu hana mke wala watoto. Anazikaanga mwenyewe, anazila mwenyewe, na ukimsemesha anakuitikia kwa kichwa.

Sasa tatizo langu. Mimi ni mzaliwa wa Bweranyange. Ukiwatajia Bweranyange watu wa Karagwe huna haja ya kuongeza neno, ndiko walikokaa watawala wa zamani, na kaka zangu wanatembea kifua mbele kana kwamba wao ndio waliokuwa wakitawala. Kumbe wanalima maharage kama kila mtu!

Mume wangu asili yake ni Burundi. Yeye kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, ila babu yake alikuja na jembe begani kutafuta kibarua kwenye kahawa za watu. Akapapenda, akabaki, akazaa. Familia za namna hiyo huku kwetu ni nyingi, tunasali nao, tunazikana nao. Si siri na si aibu. Aibu niliitengeneza mimi.

Nilipoolewa kaka zangu walisema nimeolewa na mtu wa kuja. Neno hilo lilinikwama. Miaka yote mteja akiniuliza mume wangu ni wa wapi, nilijibu haraka haraka, "Wa hapa hapa," halafu namkunjulia kitenge kipya asiulize la pili.

Basi Jovitha akapata mchumba. Kijana wa Kyerwa, njia ya kwenda Murongo, tumwite Projestus. Walikutana Mwanza kazini. Kijana mzuri, ana adabu, akinipigia simu nasikia kabisa kwamba anapiga magoti huko aliko. Wakasema wanakuja kwetu kujitambulisha na kuleta posa.

Jamani! Nilishikwa na kichaa cha usafi. Nilipaka ukuta rangi, nikafua vitambaa vya makochi, nikaondoa kalenda za miaka iliyopita. Ukuta mmoja ukabaki mtupu, unanitazama.

Wiki hizo hizo nikaenda Kayanga kwenye semina ya akina mama wajasiriamali, kwenye lodge moja ya kisasa. Pale mapokezi wametundika ramani ya zamani ya Karagwe. Si ya zamani kweli, ni nakala, lakini imetiwa rangi ile ya chai iliyolala, na vilima vimechorwa kama viwavi wenye manyoya. Mhudumu akaniambia ndiyo fasheni ya sasa, watu wanapamba nyumba kwa ramani za enzi za Wajerumani. Nikasogea. Nikaiona Bweranyange yetu, herufi kubwa kabisa! Moyo ukajaa.

Nikaenda steshenari. Dada wa pale akaitafuta ramani kama ile kwenye kompyuta, akaipata. Akaniuliza anichapie ukubwa gani. Nikamwambia mkubwa, wageni waione wakiwa bado mlangoni.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuungama.

Lakini nilivyokuwa nikiitazama ramani kwenye kioo nikaona Bweranyange iko, mto Kagera uko, na kwa mume wangu hakupo. Wangekuwepoje, na walikuwa bado Muyinga, Burundi? Nikaona uchungu. Nikamuuliza yule dada kama anaweza kuongeza neno kwa maandishi yale yale ya kizamani. Akasema, "Mama, hata ukitaka bahari nakuwekea."

Babu wa mume wangu aliitwa Bigirimana. Nikalikata mkia, ikabaki Bigiri. Nikaweka "Ka" mbele ili lifanane na majina ya huku. KABIGIRI! Nililipenda papo hapo. Dada akauliza aliweke wapi. Nikamwonyesha kilima kimoja kilichokaa peke yake upande wa magharibi, mto unapopinda. Hakikuwa na jina, kilikuwa na nafasi nzuri.

Niliwaza kitu kimoja tu, nafasi. Kwamba duniani kuna watu wanaoishi pale, wenye wazee wao na makaburi yao, hilo halikunijia kabisa.

Baba Jovitha alirudi shambani akaikuta ukutani. Macho yake maandishi madogo hayayaoni, na miwani haitaki kwa sababu anasema inamzeesha. Akaitazama kwa mbali, akasema, "Ni nzuri, mama. Imekaa vizuri." Akaenda kuoga. Na mimi nikanyamaza kimya!

Msemaji wetu alikuwa jirani yetu, mwinjilisti mmoja mwenye sauti ya kengele. Huyo nilimnong'oneza kabla. Nikamwambia, wageni wakiuliza kuhusu ramani, waeleze kwamba hapo Kabigiri ndipo lilipo shina la baba mwenye nyumba. Akafurahi sana. Alikuwa jirani yetu miaka mingi na jambo kubwa kama hilo hakulijua. Kumbe hata mimi sikulijua!

Wageni wakaja siku ya Jumamosi, mchana. Wamependeza, wanaume wamevaa makoti, akina mama wamebeba vikapu vilivyofunikwa. Aliyewaongoza ni babu mdogo wa Projestus, tumwite Mzee Laurian, mrefu, mkavu, ana fimbo. Nikapiga magoti nikawaamkia wote, shikamoo hadi ikaisha, nikarudi jikoni nyuma ya pazia. Siku kama hiyo mama wa binti haongei. Anapika na kusikiliza.

Jikoni nilikuwa na wifi yangu, dada yake Baba Jovitha, anageuza ndizi. Tulikuwa tumewawekea wageni kahawa ya kutafuna na bakuli la senene za kukaanga, maana msimu ulikuwa umepamba moto. Kupitia upenyo wa pazia nikaona wageni wanachukua kahawa, senene hawazigusi. Nikadhani ni adabu. Mume wangu adabu hiyo hakuwa nayo, mkono wake ulikuwa tayari bakulini.

Mzee Laurian akaanza kuitazama ramani. Akainuka, akaisogelea, akafuata kwa kidole.

"Bweranyange hii hapa. Mto huu hapa. Wakati huo na sisi wa Kyerwa tulikuwa Karagwe, mnaona?" Wenzake wakaitikia. "Na huku... Ka-bi-gi-ri. Kabigiri ni wapi?"

Mwinjilisti akasimama kama aliyechomwa sindano. "Mzee wangu, hapo ndipo shina la baba mwenye nyumba hii! Wajerumani walimkuta babu yake hapo hapo, amekaa kwenye kigoda chake!"

Hicho kigoda alikiongeza yeye. Mimi sikumtuma.

Wifi akaacha ndizi. Akanigeukia taratibu. "Wewe mwanamke, hicho kilima umekizaa lini?"

Nikamwashiria anyamaze. Kule sebuleni Mzee Laurian alimgeukia mume wangu. "Mkwe, ni kweli ninyi asili yenu ni hapa?"

Baba Jovitha akaangalia ramani asiyoweza kuisoma, kisha akaangalia pazia. Aliniona. Aliona jicho langu moja kwenye upenyo, na nadhani jicho lile lilisema kila kitu, kwa sababu nilimwona akielewa. Uso wake ulibadilika kidogo tu. Kisha akasema, "Ndiyo, mzee."

Alidanganya kwa ajili yangu. Mtu ambaye hata kwenye mizani ya kahawa hajawahi kuongeza punje!

Mimi nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha. Loo!

Mzee Laurian alirudi kwenye ramani, akaigonga kwa kidole. "Jina hili silijui, lakini Wajerumani walikosea majina mengi. Kilima nakijua. Kipo peke yake, mto unapopinda. Ni kwetu hapo! Baba zangu wamelala hapo, na tangu zamani hapakukaa ukoo mwingine." Akamtazama mume wangu machoni. "Mkwe, kwenu mnakula senene?"

Kwa ninyi msio wa huku, niwaeleze. Huku kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho haukili. Mkiwa na muziro mmoja, ninyi ni ndugu, na ndugu hawaoani. Vijana wa siku hizi wanaulizana kazi na dhehebu, muziro wanausahau hadi wazee waukumbuke. Na muziro wa akina Projestus, ndipo nikaujua siku ile, ni senene.

Mume wangu wakati anaulizwa alikuwa na senene kiganjani, nusu ya safari. Mguu mmoja wa senene ulikuwa umemganda kwenye sharubu!

Akatazama kiganja. Akatazama pazia. Mawe, mama yangu! Nilitamani kumpigia kelele, sema unakula, sema unakula! Lakini yeye alishaanza kunibeba, na mtu wa aina yake akianza kubeba hatui katikati ya njia. Akazirudisha senene bakulini moja moja.

"Hatuli, mzee. Hizi nilikuwa... nazipanga."

"Unazipanga?"

"Kwa ajili ya wageni."

Mzee Laurian akakaa chini kwa uzito. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, alikuwa na huzuni ya kweli. "Basi, waitu, ndugu zetu, tumshukuru Mungu tumegundua mapema. Hawa watoto ni kaka na dada. Posa hii hatuwezi kuitoa."

Jovitha alikuwa amekaa mkekani na mashangazi zake, amejitanda kitenge kichwani kama inavyotakiwa. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Projestus alisimama, akakaa, akasimama tena, akasema, "Babu, haiwezekani." Mama mmoja upande wa wageni alianza kuvuta kikapu chake taratibu, kile kilichokuwa bado kimefunikwa.

Wifi akanifinya mkono mpaka nikaona nyota. "Toka useme. Usipotoka wewe natoka mimi, na mimi nitasema mengi."

Nikatoka na mwiko wangu mkononi, unachuruzika mchuzi. Nikapiga magoti katikati ya sebule.

"Wazee wangu, nisameheni. Hicho kilima nimekichapisha Kayanga."

Mzee Laurian akainama. "Umekifanyaje?"

"Jina nimeliweka mimi, mzee, kwenye kompyuta. Hapakuwa na jina, nikaona pana nafasi."

Unadhani waliniamini? Wapi! Mzee alinitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Mwanangu, nakuelewa. Ni uchungu wa mama, unataka harusi ya binti yako. Lakini ramani imeandikwa, na mumeo kwa kinywa chake amesema ndiyo, na amesema hamli."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua nimefika. Nimesema uongo ukashika, nimesema ukweli ukakataliwa! Nikabaki nimepiga magoti, mchuzi unadondokea zulia nililolifua kwa mikono yangu. Nikamwangalia mume wangu. Wa kuniokoa alikuwa yeye tu, na ili aniokoe ilibidi aseme mbele ya watu kile ambacho miaka yote nilikuwa nakifunika kwa vitenge.

Akasimama. Akalivuta bakuli la senene, akachota kiganja kizima, akatia mdomoni. Akatafuna. Nyumba nzima tulimsikiliza akitafuna. Akameza, akachota tena.

Kisha akasema, "Babu yangu aliitwa Bigirimana. Alitoka Burundi, Muyinga, kwa miguu, na jembe. Alilima kahawa za watu mpaka wakampenda wakampa kibanja, ndicho hiki mlichokaa. Kilima hicho chenu sikijui, mzee, na jina hilo nimelisikia leo, kama ninyi. Senene tunakula. Tunazila sana."

Hakupandisha sauti. Alilisema jina la babu yake lote, bila kulikata, na mimi niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Si aibu ya wageni. Aibu ya kwamba jina lile lilikuwa zuri hivyo, na nilikuwa nimelikata mkia.

Mzee Laurian akaegemea fimbo yake. "Sasa kwa nini uliitikia mwanzo?"

"Mke wangu alikuwa amejificha nyuma ya pazia," akasema Baba Jovitha. "Nilimwona anaogopa."

Mzee akaanza kucheka. Alianza kidogo puani, kicheko kikapanda, mwisho fimbo ikamtoka mkononi. Wenzake wakafuata, Mwinjilisti akacheka kwa sauti yake ile hadi kuku wakakimbia uani, na Jovitha akacheka na kulia pamoja chini ya kitenge. Projestus tu ndiye hakucheka, alikuwa ameshika kichwa anamshukuru Mungu.

Posa ikatolewa. Vikapu vikafunuliwa. Ila Mzee Laurian alisema kosa lina faini, na faini yake ni ramani. "Kilima ni changu, kwa hiyo na picha yake ni yangu." Waliondoka nayo, wameipakia nyuma ya gari, imefungwa kwa kanga yangu nzuri ambayo mpaka leo haijarudi.

Sasa sikia matokeo. Ramani hiyo imetundikwa nyumbani kwa Mzee Laurian, kila mgeni anaonyeshwa na kuhadithiwa. Watoto wa kule wamelishika jina. Projestus ananiambia sasa hivi wakitumwa kuchunga mbuzi wanasema, "Tunaenda Kabigiri." Hawana habari kwamba liliandikwa Kayanga mwaka jana! Na hapa senta waendesha bodaboda wakiniona wanapiga honi, "Mama Kabigiri, kuna kiwanja?" Nawatukana kidogo, nacheka, napita.

Hayo ni ya kuchekesha. Niliyolipa kweli ni haya.

Asubuhi iliyofuata posa ile tulikuwa tunaanika kahawa juani, mimi na yeye. Nikamwomba msamaha. Akaendelea kuchambua punje, akasema, "Kilima si kitu. Mimi nilidhani ulinichukua pamoja na kwetu."

Basi. Hakununa, mchana alikula vizuri. Lakini sentensi ile iliniingia. Miaka yote mwanaume yule hakuwahi kukana alikotoka. Hakuwa amejificha popote. Niliyemficha ni mimi, na yeye alikuwa akiniona ninavyomficha, na akaninyamazia, kama alivyonyamazia mengine yangu mengi.

Nikakaa chini palepale kwenye mkeka wa kahawa. Nikamuuliza babu yake alitoka sehemu gani ya Muyinga, kilima gani. Akanitazama kwa mshangao, akatabasamu, akasema, "Hujawahi kuniuliza." Akaanza kunieleza. Kuna kijito, kuna mtini mkubwa, kuna shangazi ambaye bado yuko hai na anavuta kiko. Anajua mambo mengi sana yule mtu! Alizungumza mpaka jua likawa kali, na mimi nikasahau kufungua duka.

Harusi ilishafanyika, na yule shangazi wa kiko alikuja, akaketi mstari wa mbele kabisa na kaka zangu wa Bweranyange. Mmoja wao alimshikia kiti.

Kwa hiyo ninyi mnaopamba nyumba, pambeni. Ramani za zamani ni nzuri, sikatai, ukuta unapendeza. Ila kwanza weka simu chini, mgeukie huyo aliyekaa pembeni yako, umuulize kwao ni wapi. Na akikutajia, usimsahihishe.